Picha Aliyoikubali Mama

Wiki mbili baada ya kumzika mdogo wangu Gaspari tulikuwa sebuleni kwake, mtaa wa Kanyenye, Tabora, tukichambua makaratasi yake. Neema, mjukuu wake, alikuwa anatafuta picha za kuweka kwenye kijitabu cha misa ya arobaini. Alikwishapata ya Gaspari akiwa karani kijana, ya Gaspari siku ya ndoa yake, hata moja ya baba yetu akiwa na kofia ya reli. Akaniuliza picha ya mama yetu iko wapi. Nikamwambia haipo. Akasema, kwa upole wa vijana wanaodhani wazee tumesahau, kwamba huenda zamani hizo watu waliogopa kamera na mama hakupigwa picha maishani mwake. "Alipigwa mara mbili," nilimjibu. Akasubiri niendelee. Sikuendelea, kwa sababu nisingeweza kuzieleza hizo mara mbili bila kueleza nilichofanya mimi, na watu wa msiba walikuwa bado wanaingia na kutoka. Ninaeleza sasa kwa maandishi, naye atasoma mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ulikuwa mwaka ule ambao pale posta walishusha picha ya Mfalme na kupandisha ya Malkia, naye alionekana binti mdogo mno kwa kazi hiyo. Nilikuwa nimemaliza shule ya masista na nilikuwa nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu, basi karibu mwaka mzima nilikaa nyumbani. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu na ukumbi mdogo mbele, ukuta umepakwa chokaa, na viti vinne ambavyo baba alivitengeneza kwa mbao za mabehewa yaliyokufa. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Kila mwenzake wa karakana alikuwa na picha ya familia ukutani, imewekwa fremu na kioo: mzee ameketi, mke ameketi, watoto wamesimama nyuma kama askari. Ukutani kwetu kulikuwa na kalenda ya duka na picha ya Familia Takatifu. Baba alipokuwa na furaha alisema Yosefu na Maria tunawajua sura, tatizo ni wenye nyumba. Alipokuwa hana furaha alikitazama tu kile kipande cha ukuta kilichokuwa kitupu, akaendelea kula.

Aliyekuwa hataki ni mama. Jina lake la ubatizo lilikuwa Agata, la nyumbani Nyamizi, na uso wake ulikuwa na makovu ya ndui tangu kwenye kipaji hadi chini ya kidevu, mashimo madogomadogo yaliyokaribiana sana mashavuni, kiasi kwamba alipocheka ngozi haikukunjamana kama ya watu wengine. Hakuwa mtu wa kujificha. Aliuza karanga sokoni kila Jumanne na Jumamosi, alibishana na wateja, alicheka kwa sauti, na kanisani alikaa mbele. Lakini kamera ilipotajwa alikuwa na sufuria jikoni, au kichwa kinamuuma, au mgonjwa wa kumtazama. Siku ya kipaimara changu mpiga picha alipotupanga mbele ya kanisa, mama alizunguka nyuma kwenda kuangalia wali, ingawa wali ule ulikuwa na wapishi sita. Sote tulidhani tunajua sababu. Baba alidhani anaona aibu ya makovu, akawa hataki kumsukuma. Majirani walidhani hivyohivyo. Nami nilidhani hivyo, tena nilifurahi, na hapo ndipo penye dhambi yangu.

Shuleni, kwenye bweni letu, wasichana waliweka picha za wazazi wao juu ya masanduku. Mwaka wa mwisho mama alikuja kunitembelea, amebeba michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kuchemsha, amevaa kanga mpya. Msichana mmoja wa Sikonge, ambaye baba yake alikuwa mwinjilisti wa Moraviani, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ugonjwa ule bado unaambukiza. Wengine wawili walicheka. Nikacheka nao. Mama alikuwa hatua kumi kutoka hapo, anamsalimia sista, na mpaka leo sijui kama alisikia. Michembe ile waliila yote.

Mwaka ule wa kusubiri nilikula na mama mchana, sisi wawili tu, maana Gaspari alikuwa shuleni na baba karakana. Tulikula ugali wa mtama na mlenda, au uyoga ulioletwa na wanawake wa vijijini baada ya mvua za kwanza. Jioni baba alirudi, akanawa grisi kwa majivu na sabuni, tukala wote ukumbini. Ilikuwa katika mlo mmoja wa jioni, mimi nikiwa jikoni napakua mboga, nilipowasikia wakizungumza kupitia ukuta. Baba alisema mwaka huu Tereza, yaani mimi, anaondoka, na baada ya chuo ataolewa au atapelekwa kufundisha mbali, hatutakuwa tena wanne nyumba moja. Mama akamwambia waende wao watatu, yeye atawapigia pasi nguo. Nikamsikia baba akisogeza kiti. Kisha akasema, "Watu watatu bila mama si familia. Ni abiria wanasubiri treni." Mama alicheka. Nilipoingia na bakuli nilimkuta anautazama ule ukuta.

Siku chache baadaye nilikwenda peke yangu kwa mpiga picha. Aliitwa Bwana Seif, mtu wa ukoo wa Kiarabu uliokuwa ukifanya biashara Tabora tangu enzi za misafara, naye alikuwa amegeuza chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la mjomba wake kuwa studio. Nilimkuta dirishani, ameinamia meza ndogo, ana penseli iliyochongwa ikawa nyembamba kama sindano, anachora juu ya kipande cha filamu. Alinionyesha. Watu walikuwa kinyume, weusi weupe na weupe weusi, na pale alipogusa kwa penseli, alisema, picha ikisafishwa doa halionekani. Nikamuuliza kama anaweza kuondoa makovu ya ndui. Aliniuliza ya nani. Nikamwambia ya mama yangu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayetaka, ila anaona haya kusema. Huo ulikuwa uongo kamili. Bwana Seif alinihurumia. Akasema uso ni kama ukuta, mashimo yanazibwa, na siku tutakayokuja atanitazama mimi kwanza. Nikiitikia kwa kichwa, atajua la kufanya, wala hatutamwaibisha mtu mzima kwa maneno.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ilikuwa kumshawishi mama. Tulikuwa uani tunabangua karanga. Nilimwambia kwamba huko chuoni nitakaa miaka miwili na nataka kuwa na picha yake. Alibangua karanga kadhaa.

"Unataka kuwaonyesha wenzako?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Wakuulize huyu ni nani, uwaambie ni mama yako?"

Nikasema ndiyo. Aliniangalia kwa muda mrefu, nami nikainamia ungo. Halafu akasema basi mwambie baba yako Jumamosi ijayo sitakwenda sokoni. Baba alipoambiwa alitoka uani, akakaa juu ya kinu, akarudi baada ya muda akiuliza kama suti yake ya harusi bado inamtosha.

Asubuhi ya Jumamosi ile mama alinikalisha kwenye mkeka kunisuka. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya karanga na ilikuwa inanivuta nywele kuliko kawaida. Ndipo aliponisimulia, akiwa nyuma yangu, nami siuoni uso wake. Alisema alikwishapigwa picha mara moja. Alikuwa na miaka kumi na moja, baada ya vita vya Wajerumani na Waingereza, wakati wa ndui na njaa. Yeye na mdogo wake wa kike, Kalunde, waliugua siku moja kwao Usoke. Walikuwa wamepishana mwaka mmoja tu na walifanana hata majirani walikosea majina yao. Askari walikuja wakawachukua kwa machela mpaka kambi ya wagonjwa, vibanda vya nyasi kando ya njia ya zamani ya misafara, na mama yao alizuiwa na kamba umbali wa kutupa jiwe. Siku moja alikuja daktari Mzungu mwenye sanduku lenye miguu mitatu. Aliwatoa nje wale wawili, akawasimamisha juani, na mtu wake akawavua shuka. Kalunde alikuwa hawezi kusimama, basi mama alimshika kiunoni. Daktari alisogeza kidevu cha mmoja, akasogeza cha mwingine, akaingia chini ya kitambaa cheusi.

"Hakutuuliza hata majina," mama alisema. "Baada ya siku mbili Kalunde alikufa, wakamzika wao. Bibi yako hakumwona. Mimi nilipona. Na ile picha ipo mahali, Tereza, kwenye kitabu cha madaktari, watu wanaifungua wanatutazama."

Nilimuuliza kwa nini basi leo amekubali. Alimaliza msuko mmoja kabla ya kujibu. Akasema kwa sababu safari hii ameombwa. Ameombwa na mumewe kwa miaka mingi bila kulazimishwa, na sasa ameombwa na mwanawe. Atakaa kwenye kiti, atakuwa amevaa, na ataitazama hiyo kamera kwa uso wake huu huu. Alitaka iwepo picha moja ambayo yeye mwenyewe ameikubali. Kisha akanigonga begani kwa kitana, akaniambia niondoke, nimekwisha kupendeza.

Kutoka kwetu mpaka studio ni mwendo wa robo saa. Katika mwendo ule ningeweza kutangulia mbio na kumwambia Bwana Seif aache. Nilitembea nyuma ya mama, nikimwangalia alivyokuwa ameinua kichwa na jinsi watu walivyomsalimia, na nikajiambia kwamba nitalisema tukifika. Tulipofika, Bwana Seif alitupanga mbele ya pazia lililochorwa nguzo na ngazi za jumba ambalo hakuna aliyelijua. Baba na mama waliketi. Gaspari alisimama upande wa baba, mimi upande wa mama. Mama aliweka mikono mapajani na kutazama mbele, hakupepesa. Bwana Seif alitoa kichwa nyuma ya kamera, akanitazama mimi, akasubiri. Niliona bweni. Niliona yule msichana wa Sikonge na wenziwe. Nikaitikia kwa kichwa.

Nimefundisha watoto kwa miaka thelathini na minne, na nimewaona wakifanya maovu mengi kwa sababu ya kuchekwa na wenzao. Sikuwahi kumpiga hata mmoja kwa kosa hilo. Walimu wenzangu walidhani ni huruma. Haikuwa huruma. Nilikuwa najua jinsi jambo la namna hiyo linavyofanyika kwa wepesi, bila chuki, kwa kichwa kushuka na kupanda mara moja. Na sasa Gaspari amekwenda, nimebaki mimi peke yangu duniani niliyewahi kuuona uso wa mama. Wakati nikiwa kijana sikufikiri kwamba uso unaweza kufika mahali hapo, ukabaki na mtu mmoja.

Baba alikwenda kuichukua picha baada ya wiki moja. Aliileta imefungwa karatasi ya kaki, akaiweka mezani, akamngoja mama atoke jikoni ndipo aifungue. Ilikuwa picha nzuri. Baba alionekana kama mkuu wa stesheni. Na kando yake alikaa mwanamke wa makamo, ngozi laini kama yai, amevaa gauni la mama, ana mikono ya mama. Gaspari, ambaye alikuwa na miaka kumi na mbili na hakujua kuficha kitu, aliuliza huyu ni nani. Baba aliisogeza picha karibu na taa ya mafuta. Akasema taratibu, kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya, "Huyu si mke wangu. Mimi nilimwoa mwanamke mwenye uso wake." Mama alifuta mikono kwenye kanga, akaichukua picha kwa ncha za vidole, na nilimwona midomo ikitaja jina bila sauti. Halafu akakaa chini sakafuni, si kwenye kiti, akaanza kulia kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akilia, bila kujifunika.

Kesho yake baba alikwenda kwa Bwana Seif amekasirika. Nilibaki nyumbani nikijua siri yangu itarudi naye. Haikurudi. Bwana Seif alimwambia kwamba ndivyo kazi yao ilivyo, kwamba huwafanyia wanawake wote, na akaomba radhi. Alibeba kosa langu, mtu asiyenijua. Akasema anaweza kuwapiga upya bila malipo. Baba alileta habari hiyo kwa furaha, lakini mama alikataa. Alisema amekaa kwenye kile kiti mara moja, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na hana nyingine. Picha ile hakutaka itundikwe. Aliifunga tena kwenye karatasi ya kaki, na usiku mmoja baada ya chakula akasema anataka kwenda Usoke kumwona mama yake, nami nimsindikize.

Tulipanda treni ya Kigoma. Mama alikaa dirishani, picha mapajani, akaangalia pori upande mmoja tu njia nzima. Bibi alikuwa kwenye kibaraza cha nyumba yake, anachagua mbegu za karanga. Alikuwa mzee lakini macho yake yalikuwa bado mazuri na akili yake ilikuwa timamu. Natangulia kulisema hilo ili mtu asije akadhani alichanganyikiwa. Tulipiga magoti tukamwamkia kwa Kinyamwezi, tukapewa maji, tukaulizwa habari za Tabora. Kisha mama akaifungua picha na kumwekea mikononi.

Bibi aliigeuza kwenye mwanga. Alianza kututaja mmoja mmoja kwa kidole. Huyu mkwe wangu. Huyu Gaspari, amekua. Huyu Tereza. Kidole kikafika kwenye kile kiti, kikasimama. Kuku wakajaa kibarazani wakidonoa mbegu zake, na hakuna aliyewafukuza.

"Kalunde," alisema.

Kisha alimwinulia mama macho, akamtazama uso wake, akaitazama tena picha.

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi simo, mama," alijibu mama. "Nimempisha Kalunde. Nimekuletea umwone, maana hawakukuonyesha."

Bibi hakulia. Alipitisha kidole gumba juu ya ule uso laini, tena na tena, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mzazi anayeuliza habari za mtoto aliye mbali, hapo angekuwa na umri gani. Mama akahesabu, akamtajia. Bibi akasema amekuwa mwanamke mzuri. Mama akasema ndiyo. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao, na neno la ile penseli ninalo. Ningelisema pale, ningemwua Kalunde mara ya pili mbele ya mama yake. Basi nilinyamaza, na safari hii nadhani sikukosea. Picha tuliiacha. Bibi alipofariki, miaka miwili baadaye, wanawake waliomvika sanda waliiweka kifuani pake, wakazika.

Stesheni ya Usoke, siku ya kurudi, tulifika mapema. Tulikaa kwenye benchi na kikapu cha michembe miguuni. Hapo ndipo nilipomwambia mama yote: penseli, uongo niliomwambia Bwana Seif, kuitikia kwangu kwa kichwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu.

"Wenzako wangeogopa?"

"Hapana," nilisema. "Niliogopa mimi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ambayo alikwisha kuikadiria. Hakunikemea, wala hakuniambia amenisamehe, na katika miaka minne aliyoishi baada ya hapo hatukulizungumza tena. Akasema tu kwamba mchanga wa Usoke umemchosha miguu.

Treni ilipokuja tulipata viti viwili vinavyotazamana. Jua la alasiri liliingia moja kwa moja upande wake, na kabla hatujafika stesheni ya pili alikuwa amelala, kichwa kimeegemea mbao, uso umenielekea. Sikuwahi kuutazama. Nilikuwa nimeishi nao miaka kumi na sita nikiukwepa kwa macho, nikitazama kanga yake, mikono yake, kitu chochote alichobeba. Basi nikaanza. Nilianza kwenye kipaji cha uso, juu kabisa, pale nywele zinapoanzia, nikashuka polepole, kovu baada ya kovu, hili la mviringo, hili refu kidogo, haya matatu yaliyoungana chini ya jicho la kushoto. Nilikuwa nayashika moja moja ili nisiyapoteze. Tulipoingia Tabora nilikuwa nimefika mdomoni, na mama akaamka.